Bustani ya Ahabu: Kuitazama Filamu ya The Constant Gardener kwa Macho ya Imani

Tukiulizwa ni filamu gani zimetujenga kiroho, wengi wetu tutataja zile za maisha ya Yesu, ambazo zimeonyeshwa viwanjani na makanisani, mijini na vijijini. Ni jibu zuri. Lakini Neno la Mungu halizungumzi habari za madhabahu tu. Linazungumza pia habari za mizani ya mfanyabiashara, ujira wa kibarua, mpaka wa shamba na muhuri wa mfalme. Kwa hiyo Mkristo anaweza kuitazama hata filamu inayohusu mambo hayo, akaipima, akashika lililo jema na kuliacha lisilofaa.

Filamu ninayotaka tuipime hapa ni The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005. Jina lake lina maana ya mtunza bustani asiyeiacha kazi yake. Iliongozwa na Fernando Meirelles, Mbrazili aliyekuwa amejulikana duniani kwa filamu ya City of God, iliyohusu mitaa ya maskini ya Rio de Janeiro. Hadithi imetokana na riwaya ya mwaka 2001 ya Mwingereza John le Carré, mwandishi ambaye ujanani alifanya kazi katika idara za ujasusi za nchi yake. Sehemu kubwa ya hadithi inatokea Kenya, na wapiga picha walikwenda huko kweli: Nairobi, Kibera, na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Mabati yenye kutu tunayoyaona ni ya Kibera yenyewe, na reli inayokatisha katikati ya nyumba ni reli ile ile ambayo wakazi wake wanaipita kila siku.

Niseme mapema kwamba si filamu ya kutazama na watoto sebuleni. Ina mauaji, na ina mambo ya faragha ya mume na mke ambayo ingekuwa bora yasionyeshwe. Lakini mtu mzima anayeitazama kwa utulivu atakutana na swali ambalo mahubiri mengi hulizunguka bila kuligusa: dhambi inayotendwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akishika kipande kidogo tu, ni ya nani?

Hadithi yenyewe

Justin Quayle, anayeigizwa na Ralph Fiennes, ni afisa katika ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi. Ni mtu mpole, mwenye adabu, asiyependa makelele. Kazini anatekeleza anachoagizwa; nyumbani anatunza maua yake. Mkewe Tessa ni kinyume chake. Anauliza maswali mahali ambapo wengine wanashika glasi na kutabasamu. Rachel Weisz, aliyeigiza nafasi hiyo, alipewa tuzo ya Oscar mwaka 2006.

Pamoja na daktari Mwafrika, Arnold Bluhm, Tessa anazunguka Kibera, na huko anagundua jambo. Kuna dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa. Imetengenezwa na kampuni kubwa ya Ulaya, na inajaribiwa kwa maskini wa Nairobi kupitia kampuni nyingine, ThreeBees, inayosifiwa kwa kutoa huduma za afya bure. Mgonjwa akikataa kujaribiwa dawa, anapoteza na huduma nyingine zote. Anaweka alama ya kukubali, lakini ridhaa ya mtu asiye na njia nyingine ni ridhaa gani? Wapo wanaokufa kwa dawa hiyo. Majina yao yanaondolewa katika kumbukumbu kana kwamba hawakuwahi kufika kliniki, na miili inafukiwa kwa chokaa mahali pasipo msalaba wala kibao cha jina.

Dawa haisimamishwi, kwa sababu kurudi maabara kuirekebisha kungechukua miaka na kugharimu mamilioni, na washindani wangetangulia sokoni. Kifua kikuu sugu kinatarajiwa kuenea duniani. Atakayekuwa na dawa tayari siku hiyo atatajirika.

Filamu inaanza na habari kwamba Tessa ameuawa huko kaskazini, karibu na Ziwa Turkana. Mengine yote ni safari ya Justin kuufuata mguu wa mkewe, kutoka Nairobi hadi London na Berlin, kisha hadi kambi ya wakimbizi Sudan. Na kadiri anavyokwenda, ndivyo anavyomfahamu mwanamke aliyeishi naye nyumba moja bila kumjua.

Barua zenye muhuri

Nilipoitazama filamu hii, sura iliyonijia ni 1 Wafalme 21, habari ya shamba la mizabibu la Nabothi. Tunaifahamu tangu shule ya Jumapili, lakini aghalabu tunaikumbuka kama habari ya mfalme mwovu na malkia mwovu zaidi. Tuisome tena polepole, maana humo mna njama iliyopangwa kama ya filamu hii.

Ahabu hakuanza kwa kuua. Alianza kwa pendekezo la biashara. Alilitaka shamba la jirani yake ili alifanye bustani ya mboga, na alikuwa tayari kutoa shamba bora zaidi au fedha. Nabothi akakataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi. Aliagiza nini? Watangaze mfungo. Wamketishe Nabothi mbele ya watu. Watafute mashahidi wawili wa kusema uongo. Kisha wamtoe nje wampige mawe.

Angalia watu wangapi walihitajika. Mtu wa kupeleka barua, wazee wa kuzipokea, mtu wa kutangaza mfungo, watu wa kupanga viti, mashahidi, mikono ya kushika mawe. Yezebeli hakugusa jiwe hata moja. Ahabu hakuandika hata mstari. Na angalia jambo ambalo ni rahisi kulipita: barua zilikuja kwa jina la Ahabu, lakini kazi ilipokwisha, wazee walituma habari kwa Yezebeli. Walijua tangu mwanzo ni nani aliyeandika. Walijua, na wakatenda.

Angalia pia kwamba mauaji yale yalifunikwa kwa ibada. Kulikuwa na mfungo. Mji ulionekana mcha Mungu siku ile kuliko siku nyingine.

Hivi ndivyo The Constant Gardener inavyoiona njama, na hapa ndipo ubora wake ulipo. Filamu nyingi za taharuki humweka mtu mmoja mbaya kwenye chumba chenye giza, akicheka peke yake. Humu hakuna mtu wa namna hiyo. Kuna wanasayansi wanaojua madhara ya dawa na kunyamaza. Kuna kampuni inayoijaribu dawa na kuona inatoa huduma kwa jamii. Kuna afisa wa ubalozi, Sandy Woodrow, anayempenda Tessa kwa siri na bado anamsaliti. Kuna mkubwa wake huko London, Sir Bernard Pellegrin, anayeandika barua ya kuagiza Tessa achunguzwe, akitumia maneno ya kiofisi yasiyo na hata tone la damu. Wauaji wenyewe ni watu wa kukodiwa ambao hatuwajui. Kila mmoja ana kipande chake, na kila kipande kikitazamwa peke yake kinaonekana kidogo mno kuitwa uuaji.

Na mfungo wao ni kliniki ya bure. Jambo jema limefanywa blanketi la kufunika jambo baya. Kuna mahali katika filamu ambapo hoja inatolewa kwamba dawa ile haimwui mtu ambaye hangekufa hata hivyo, maana watu hawa wanakufa sana. Ni hoja ya kutisha, na inatisha zaidi kwa kuwa msemaji wake hana hasira yoyote. Anasema kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Nabii Amosi aliwajua watu wa namna hii, waliomnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Hakuwaita wanyang'anyi wa usiku. Walikuwa wafanyabiashara waliongoja sabato iishe ili wafungue maduka.

Gari lisilosimama

Katikati ya filamu kuna tukio fupi ambalo naliona ndiyo roho ya hadithi yote. Tessa amejifungua katika hospitali ya Nairobi na mtoto wake amefariki. Kitanda cha jirani yupo msichana aitwaye Wanza, anayekufa baada ya kujifungua. Tessa, mwenye maziwa na asiye na mtoto, anamnyonyesha mtoto wa Wanza. Wanza anafariki.

Siku Tessa anaporudi nyumbani, yuko ndani ya gari na mumewe. Barabarani wanamwona Kioko, ndugu yake Wanza, kijana mdogo, akitembea na kichanga kile mikononi. Nyumbani kwao ni mbali, mwendo wa makumi ya kilomita. Tessa anamwomba Justin asimamishe gari. Justin anakataa kwa upole: hawawezi kujiingiza katika maisha ya kila mtu, wenye shida ni mamilioni, na yapo mashirika ya kazi hiyo. Tessa anamjibu kwamba hawa ni watu ambao wao wawili wanaweza kuwasaidia sasa. Gari halisimami.

Kila mshirika anayejua Luka 10 anatambua barabara ile. Kuhani na Mlawi hawakuwa watu wakatili. Bila shaka kila mmoja alikuwa na sababu. Justin naye anayo sababu, tena nzuri: mkewe ni mgonjwa, amefiwa na mtoto, anahitaji kufika nyumbani. Filamu haimchekeshi wala kumdharau. Inatuacha tuone jinsi upole unavyoweza kupita kando.

Baadaye, Tessa akiwa amekwisha kufa, Justin yuko Sudan. Wapanda farasi wenye silaha wameivamia kambi, na ndege ya msaada inaondoka na wafanyakazi tu. Kuna msichana mdogo amekimbia nao hadi ndani ya ndege. Rubani anasema haruhusiwi kumchukua. Kuna maelfu kama yeye. Sasa ni Justin anayesihi, hata anatoa fedha. Huyu ni mmoja ambaye tunaweza kumsaidia, anasema. Ni maneno ya mkewe, yamefika kinywani mwake kwa kuchelewa. Rubani hakubali, na msichana mwenyewe, akielewa, anashuka na kukimbia.

Hiyo ndiyo toba inavyoonekana katika filamu hii. Hakuna machozi mengi wala wimbo wa kuitikia wito. Mtu amehama upande mmoja wa swali kwenda upande mwingine. Amekuwa mtu anayesema gari lisimame. Na tukumbuke kwamba safari hii neno lake halikufua dafu. Amegeuka kweli, lakini msichana ameachwa. Toba yetu haiwarudishi wote tuliowapita njiani. Filamu ina ujasiri wa kutotufariji upesi hapo.

Nabothi alisema, Wanza hasemi

Baada ya sifa hizi sharti niseme na upungufu wake, kwani si mdogo.

Katika Biblia, Nabothi ana jina, ana baba, ana shamba, na ana sauti. Kabla hajauawa anasimama mbele ya mfalme na kukataa, kwa jina la Bwana. Tunajua alikuwa nani na kwa nini alikataa. Mungu naye anapomtuma Eliya, analitaja jina la Nabothi.

Katika The Constant Gardener, wanaokufa kwa Dypraxa ni Waafrika, lakini anayetafutiwa haki ni mwanamke Mwingereza. Wanza tunamwona akiwa kitandani, macho wazi, akifa. Hatujui alipenda nini, aliimba wapi, aliambiwa nini siku alipoweka alama kwenye karatasi ya ridhaa. Kioko anatusaidia kuelewa mambo kadhaa, kisha anatoweka. Dakta Bluhm ni mtu wa heshima, lakini tunamfahamu kupitia uvumi wa Wazungu wa ubalozini kwamba ana uhusiano na Tessa, na mwisho tunaambiwa kwamba naye ameuawa. Machozi tunayolia ni ya mjane wa kiume mwenye bustani.

Mtu atasema filamu ilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Ulaya na Marekani, na ili kuwafikia ilibidi watu wao wawe mbele. Huenda. Lakini hadithi inayolalamikia kufutwa kwa majina ya maskini ingepaswa kuwa makini zaidi kuyaandika. Kuna sauti moja ya Kiafrika inayosikika kikamilifu: wimbo wa Kothbiro wa Mkenya Ayub Ogada, ulioimbwa kwa Kijaluo, wenye maana ya kwamba mvua inakuja. Unapopigwa, kwa muda mfupi, nchi inajisemea yenyewe.

Haki itendeke pia kwa waliotengeneza filamu: hawakuondoka mikono mitupu. Walianzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya watu wa Kibera na Loiyangalani. Ni jambo la kushukuru. Lakini msaada na sauti ni vitu viwili. Yesu alimponya kipofu Bartimayo, lakini kwanza alimwuliza anataka afanyiwe nini, akamwacha aseme.

Njama na uvumi

Hapa pana hatari ambayo kanisa haliwezi kuinyamazia. Mtu akiisha kutazama filamu kama hii anaweza kusema: nilijua, dawa zote za wazungu ni mtego. Kesho yake anakataa kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Basi tuangalie jambo lililotokea kweli.

Mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kampuni ya Pfizer ilijaribu huko dawa yake ya Trovan kwa watoto wapatao 100, huku wengine wapatao 100 wakipewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, kutoka makundi yote mawili. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikanusha kutenda kosa, ikasema vifo vilitokana na ugonjwa wenyewe. Kesi zilichukua miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ilifikia mapatano na jimbo la Kano ya dola milioni 75. Wengi wameilinganisha habari hiyo na hadithi ya le Carré.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2003 kampeni ya chanjo ya polio ilisimamishwa Kano na katika majimbo mengine ya kaskazini, kwa uvumi kwamba chanjo ilikuwa na madhara yaliyofichwa. Kumbukumbu ya mwaka 1996 ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoupa uvumi huo nguvu. Chanjo zilirejea mwaka 2004, lakini katika miezi ile polio ilienea ndani ya Nigeria na kuvuka mipaka hadi nchi nyingine. Wapo watu wazima leo wanaotembea kwa magongo kwa sababu hiyo. Ilikuwa mwaka 2020 ndipo bara la Afrika lilipotangazwa kuwa huru na polio ya asili.

Tazama basi jinsi dhambi inavyozaa. Imani ya watu ikivunjwa, hata kweli inayokuja baadaye haiaminiwi. Anayeficha madhara ya dawa moja anawanyima watoto wa watu dawa kumi nyingine zilizo njema. Na anayeeneza uvumi bila ushahidi, hata kama anadhani anawatetea maskini, anajiunga na wale mashahidi wawili wa Yezreeli.

Torati haikatazi kumshtaki mwenye nguvu. Inataka mashahidi wawili au watatu, na inamwadhibu vikali shahidi wa uongo. Hapo filamu yetu inafundisha vizuri kuliko watazamaji wake wengi walivyotambua. Tessa hasambazi tetesi. Anakusanya majina, tarehe, kumbukumbu za wagonjwa. Anaandika taarifa na kuipeleka kwa wenye mamlaka. Justin naye hasimami barabarani akipiga kelele. Anatafuta karatasi. Ukweli ni kazi ya subira, na ndugu wanaoupenda ukweli hawana budi kuupenda hata pale unapowanyima hadithi tamu.

Waraka uliosomwa kanisani

Mwisho wa filamu unahitaji kutazamwa mara mbili, maana una sehemu moja ya kukataa na moja ya kupokea.

Ya kukataa ni hii. Justin, akiisha kujua yote na kuituma barua ya Pellegrin mahali salama, anarudi Ziwa Turkana, mahali mkewe alipouawa. Anazitoa risasi katika bastola yake, anaketi kando ya maji, anawangoja wauaji. Imepigwa picha kwa uzuri mwingi, na mtazamaji anashawishika kuuona mwisho ule kuwa mtakatifu. Mimi siuoni hivyo. Shahidi wa imani hufa kwa kuwa hakutaka kumkana Bwana, naye angependa kuishi. Justin anakwenda kufa kwa kuwa hana tena anachokiishia. Amempata mkewe, lakini hana tumaini zaidi ya kumfuata.

Eliya naye alifika hapo. Sura mbili kabla ya habari ya Nabothi, aliketi chini ya mti jangwani akiomba afe, kwa kuwa amechoka na Yezebeli anamtafuta. Mungu hakumkemea wala hakumkubalia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena, kisha akamwambia arudi kazini. Kama Eliya angepewa kifo alichokiomba katika sura ya 19, nani angekwenda kumkabili Ahabu katika sura ya 21? Ndugu yetu aliyechoka kupigania haki, iwe ni kesi ya shamba au mshahara ulioliwa, hahitaji kuambiwa kwamba kufa ni ushujaa. Anahitaji mkate, usingizi, na mtu wa kukaa naye.

Ya kupokea ni hii. London kunafanyika ibada ya kumbukumbu ya Justin. Pellegrin mwenyewe anasimama na kumsifu marehemu kwa sauti ya huzuni, akisema kwamba amejiua. Kisha anasimama Hammond, binamu yake Tessa, kusoma. Mahali ambapo sisi tumezoea kusikia somo la Waraka, anasoma barua: ile ile aliyoiandika Pellegrin. Watu wanageuka kutazamana. Pellegrin anatoka nje, na waandishi wa habari wanamfuata. Hammond anaendelea kusema, kwa dhihaka kali, kwamba Afrika inasemekana haina mauaji, ina vifo vya kusikitisha tu, na kwamba raha za wengine zimenunuliwa kwa maisha yaliyohesabiwa kuwa rahisi.

Yezebeli alizitia barua zake muhuri ili zisomwe na wachache. Hapa barua inasomwa mbele ya watu wote, tena ibadani. Ile nyumba iliyotakiwa kuwa kifuniko, kama ule mfungo wa Yezreeli, imekuwa mahali pa kufunuliwa. Tunaomba makanisa yetu yawe hivyo. Ni mara ngapi mtu ambaye kila mmoja anajua alichokula anasifiwa kwenye mazishi kwa sababu alichangia paa la kanisa? Mchango wake tumeupokea na kuutangaza, na jina la aliyedhulumiwa hatukulitaja hata katika maombi.

Wazee wa mji wetu

Tukirudi kwenye sura yetu ya Wafalme, wengi wetu si Ahabu. Hatuna mihuri ya kifalme wala kampuni za dawa. Lakini wazee wa Yezreeli tunaweza kuwa, na mara nyingi tumekuwa. Katika kila usharika kuna mhasibu anayeletewa hati ya malipo asiyoielewa. Kuna karani anayeambiwa abadilishe tarehe. Kuna muuguzi anayejua dawa imepita muda, mkaguzi anayeombwa asifungue gunia la chini, mjumbe wa bodi anayepitisha muhtasari bila kuusoma kwa kuwa chakula kimeiva. Kila mmoja ana kipande. Kila mmoja anaweza kusema, mimi nilifuata barua.

Katika mji wa Nabothi hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza. Biblia haitupi jina la mmoja wao. Fikiri kama angepatikana mmoja tu wa kusema: barua hii imetoka kwa nani hasa, na Nabothi amefanya nini? Pengine naye angepigwa mawe. Pengine wengine wawili wangepata ujasiri, na mfungo ukavunjika, na Nabothi akarudi nyumbani kwa watoto wake jioni ile. Hatujui, kwa kuwa hakuna aliyejaribu.

Justin Quayle alikuwa mtu mwema muda wote aliokuwa akitunza maua. Hakuiba, hakupiga, hakumtukana mtu. Wakati huo huo watu walikuwa wakifa maili chache kutoka kwenye ua wake, kwa kazi iliyolindwa na ofisi yake. Kosa lake halikuwa kuipenda bustani. Kosa lilikuwa kutotazama nje ya ua.

Ahabu aliposikia kwamba Nabothi amekufa, hakuuliza amekufaje. Aliinuka akashuka kulimiliki shamba. Na Bwana hakumngojea ikulu Samaria. Alimtuma Eliya amkute pale pale, katikati ya mizabibu ya mtu mwingine, huku akipanga mahali pa kupanda mboga zake.